Mbegha, Simba Mwene wa Usambara

Mbegha alizaliwa Nguu, nchi iliyohesabiwa zamani ndani ya Handeni na ambayo leo iko Wilaya ya Kilindi. Meno yake ya juu yalitangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, mwenye nuksi, na kwa mila hakustahili kuishi. Wazazi wake walimlea hata hivyo. Walipofariki, ndugu zake walimnyima urithi.

Akachukua mbwa na mikuki yake, akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mtawala wa huko. Siku moja kijana huyo aliuawa na nguruwe mwitu mawindoni. Mbegha hakungoja kuulizwa; alitoroka, akaishi porini, hatimaye akapanda milima ya Usambara, ile inayoonekana kutoka Korogwe.

Mtahiniwa, hapa soma polepole. Wengi hukimbilia kisa cha simba aliyeuawa na Mbegha njiani kwenda Vugha, kilichompa jina la Simba Mwene, wakawasahau nguruwe. Kwa maoni yetu nguruwe ndio waliompa ufalme. Wasambaa walikuwa wakulima, na nguruwe walikuwa wakiharibu mashamba yao. Mbegha aliwaua, akagawa nyama, naye akapewa mazao ya shamba. Akaamua na mashauri yao. Akaoa katika sehemu mbalimbali za nchi, na wanawe wakatawala kwa wajomba zao. Ndivyo ukoo wa Wakilindi ulivyoshika Usambara katika karne ya 18.

Japani, mchoraji Utagawa Kuniyoshi aliwachora mashujaa wa hadithi, picha zikachapwa kwa mbao zilizochongwa na kuuzwa madukani. Mbegha hana picha ya namna hiyo. Alibaki midomoni mwa wazee hadi Abdallah bin Hemedi alipoandika Habari za Wakilindi mwishoni mwa karne ya 19. Ukiulizwa katika fasihi simulizi, meno na simba ni sifa za kisakale. Katika historia, taja Vugha, Wakilindi, na kitukuu wake Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki miaka ya 1860.

Mbegha alipokufa, wazee wa Vugha walificha kifo chake. Watu walitangaziwa msiba baada ya mwanawe Buge kuletwa kutoka Bumbuli na kutawazwa.