Art Mac Murchadha: Mfalme wa misituni aliyemhangaisha Richard wa Pili

ART Mac Murchadha Caomhánach alipoaga dunia, mwaka wa 1416 ukigeukia 1417, alikuwa ameitawala Leinster, kusini mashariki mwa Ayalandi, kwa takriban miaka 42. Katika kipindi hicho wafalme wanne walipokezana kiti cha enzi cha Uingereza, na hakuna hata mmoja aliyefaulu kumng'oa.

Waliopigana naye waliwadharau askari wake kwa kuwa wengi hawakuvaa deraya. Dharau hiyo iliwagharimu pakubwa, kwani wepesi wa silaha hizo ndio uliokuwa ngome ya Art.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1357 katika ukoo uliodai ufalme wa Leinster tangu enzi na enzi. Alitwaa uongozi mnamo 1375, baada ya mtangulizi wake, Donnchadh, kuuawa na Waingereza. Nchi yake ilikuwa ya misitu minene, milima na vinamasi, na njia zake zilijulikana na wenyeji pekee.

Jeshi la mtawala wa Kiayalandi wa zama hizo lilikuwa na makundi matatu. Askari wa miguu walio wepesi walienda vitani bila chuma mwilini, wakibeba mikuki mifupi ya kurusha, panga, na wakati mwingine pinde. Wapanda farasi nao hawakutumia vikuku vya kutilia miguu. Kwa sababu hiyo hawakuweza kuukwatia mkuki kwapani na kumgonga adui kwa kishindo kama walivyofanya Waingereza. Waliuinua juu ya bega na kuuchomeka au kuurusha.

Kundi la tatu ndilo lililobeba uzito. Hawa walikuwa mamluki wenye asili ya visiwa vya magharibi mwa Uskoti, waliovaa kofia za chuma, makoti mazito ya kitani yaliyoshindiliwa na kushonwa mistari, na juu yake deraya za pete za chuma zilizofumwa. Silaha yao kuu ilikuwa shoka la mpini mrefu, urithi kutoka kwa maharamia wa kaskazini mwa Ulaya. Mnamo 1259, mwanamfalme mmoja wa Connacht alipooa binti wa mtawala wa visiwa hivyo, bibi harusi aliletwa pamoja na wapiganaji 160 wa aina hiyo. Hiyo ilikuwa mahari ya kinyume, lakini yenye faida.

Art alimwoa Elizabeth, mrithi wa milki ya Norragh katika Kildare. Sheria za Kilkenny za 1366 zilikuwa zimepiga marufuku ndoa kati ya walowezi wa Kiingereza na Waayalandi, na serikali ikaitwaa ardhi ya mkewe. Kisa hicho, pamoja na ugomvi kuhusu malipo ya kila mwaka aliyodai kutoka hazina ya Dublin, kilichochea vita.

Oktoba 1394, Mfalme Richard wa Pili alitua Waterford akiwa na maelfu ya askari. Hakukimbilia msituni. Aliizingira nchi ya Art kwa kambi, akachoma vijiji na kutwaa ng'ombe. Art na mkewe waliponea chupuchupu kukamatwa kitandani. Wanyonge ndio walioumia zaidi, na Januari 1395 Art alisalimu amri, akiahidi kuihama Leinster pamoja na wapiganaji wake.

Mwaka huo Art na wafalme wengine watatu wa Kiayalandi walipewa hadhi ya ushujaa wa Kiingereza mjini Dublin. Mwandishi wa historia Jean Froissart anasimulia kwamba mtumishi mmoja wa Richard alipewa kazi ya kuwafunza adabu za kizungu, ikiwemo kupanda farasi mwenye tandiko.

Mafunzo hayo hayakudumu, wala Art hakuhama. Julai 1398, Roger Mortimer, aliyetarajiwa na wengi kumrithi Richard, aliuawa na Waayalandi wa Leinster huko Kellistown, karibu na Carlow. Inasimuliwa kuwa siku hiyo alikuwa amevaa mavazi ya Kiayalandi.

Richard alirejea Juni 1399 kulipiza kisasi. Safari hii alijitosa msituni. Mfaransa Jean Creton, aliyeandamana na jeshi hilo, ameeleza jinsi watu 2,500 walivyotumwa kukata miti ili kufungua njia. Askari wa Art walijitokeza ghafla, wakarusha mikuki iliyotoboa deraya, kisha wakatoweka. Njaa ikawa adui wa pili. Askari watano au sita waligawana mkate mmoja, na meli tatu za chakula zilipotia nanga pwani, watu walijitumbukiza baharini kuzikimbilia.

Ndipo Art alipokubali kuzungumza na Thomas Despenser, mjumbe wa Richard. Aliteremka mlimani kwa kasi juu ya farasi asiye na tandiko, aliyesemekana kununuliwa kwa ng'ombe 400, mkononi ameshika mkuki mrefu. Mchoro wa tukio hilo umehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza jijini London. Art alitaka amani isiyo na masharti. Richard akakataa kwa hasira na kuahidi zawadi ya dhahabu kwa atakayemleta akiwa hai au maiti.

Zawadi hiyo haikulipwa. Richard akiwa bado Ayalandi, binamu yake Henry Bolingbroke alitua Uingereza, na kufikia Septemba 30, 1399, taji lilikuwa limemponyoka. Isingekuwa haki kudai kuwa Art alimpindua, lakini ni msako dhidi yake uliomweka mfalme mbali na nyumbani.

Art aliendelea kupigana na kupatana na Waingereza kwa miaka mingine 17. Kumbukumbu za Kiayalandi zinaeleza kuwa alifariki siku chache baada ya Krismasi, na kwamba ilidaiwa alinyweshwa sumu na mwanamke, pamoja na hakimu wake. Mwanawe, Donnchadh, alimrithi, lakini mwaka wa 1419 alikamatwa na kufungwa katika ngome ya London kwa miaka kadhaa.