Frank Shuman, aliyevuta maji ya Nile kwa nguvu ya jua

Msikilizaji wetu, wengi tunaona sola ni kitu cha juzi, kilichokuja na taa za wavuvi wa dagaa. Lakini mwaka 1913 jua lilikuwa tayari likivuta maji hapa Afrika, na aliyelifanyisha kazi hiyo ni Frank Shuman.

Shuman alizaliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1862. Alipata fedha kwa kubuni kioo chenye waya ndani, kisichosambaratika kikivunjika. Mwaka 1907, huko Philadelphia, aliendesha injini ndogo kwa joto la jua. Mwaka 1911 akajenga mtambo mkubwa zaidi, na mhandisi Mwingereza, A. S. E. Ackermann, akaupima: mvuke unaotoka ni kiasi gani, injini inatoa nguvu gani.

Vipimo vilionyesha palipo na udhaifu. Mtambo uliofuata, Maadi karibu na Cairo, ulibadilishwa. Kwa ushauri wa mwanafizikia C. V. Boys, vioo vilipindwa kama hori la kunyweshea ng'ombe, joto likakusanyika kwenye bomba la katikati. Hori zilikuwa 5, kila moja na urefu wa mita 62 hivi, nazo ziligeuka kulifuata jua tangu asubuhi hadi jioni. Mabomba ya kwanza, ya zinki, yalishindwa kuhimili joto, yakawekwa ya chuma. Mwaka 1913 mtambo ulitoa zaidi ya nguvu za farasi 50, ukamwagilia mashamba.

Mwaka 1914 vita vikaanza, wahandisi wakaondoka na kazi ikafa. Ni vita hivyo hivyo vilivyowafanya Wajerumani waizamishe Graf von Götzen ziwani kwetu mwaka 1916, meli tunayoiita leo MV Liemba. Shuman alifariki mwaka 1918. Baadaye mafuta ya bei nafuu yakawasahaulisha watu jua.

Mtambo wake ulichemsha maji. Paneli zetu hutoa umeme moja kwa moja. Somo ni lile lile: pima kwanza, ndipo urekebishe. Taa ikizima mapema, tusikimbilie kununua betri mpya. Tufute vumbi, tuondoe kivuli cha mwembe, tuangalie kama paneli imeinama kidogo kuelekea kaskazini, kisha fundi apime kwa mita saa sita mchana, kabla na baada. Namba zitaonyesha kama tatizo ni paneli, waya au betri, na fedha ya familia haitapotea bure.