Moto Moyoni, Kitabu Mkononi
Somo: 2 Timotheo 2:15

Kuna msemo unazunguka kati yetu, ati mtu wa Roho hahitaji kusoma sana. Mimi nikiusikia namkumbuka Origen.

Alizaliwa Misri karibu mwaka 185, akakulia Iskanderia, mji ule ule wa Apolo. Baba yake alimkaririsha Maandiko kila siku. Karibu mwaka 202 mateso yakazuka, baba akatiwa gerezani. Kijana alitaka kwenda kufa naye, lakini mama akamfichia nguo, akashindwa kutoka nje. Basi akamwandikia baba barua, asilegee kwa sababu yao. Baba akauawa, mali ikachukuliwa na serikali. Origen, kifungua mimba wa watoto 7, akaanza kufundisha ili nyumba ile.

Moto alikuwa nao. Sasa angalieni alichofanya nao. Wayahudi na Wakristo walibishana juu ya Agano la Kale, kila upande ukidai maneno ya mwenzake hayako hivyo. Origen hakupiga kelele. Alijifunza Kiebrania, akayapanga Maandiko katika safu 6, ubavu kwa ubavu: Kiebrania, Kiebrania hicho hicho kwa herufi za Kiyunani, na tafsiri 4 za Kiyunani. Kazi hiyo, iitwayo Heksapla, ilimla miaka mingi. Nakala zilipotofautiana aliweka alama, msomaji ajionee mwenyewe.

Si yote aliyofundisha yalikuwa sawa. Ile habari ya roho za watu kuwako kabla hawajazaliwa kanisa lilikuja kuikataa, nami siifundishi. Hata mwalimu mkubwa hupimwa kwa Neno.

Mwaka 250, siku za Kaisari Decius, alikamatwa akiwa mzee. Walimtia chuma shingoni, wakamtanua miguu kwenye mkatale, wakamtishia moto. Hakumkana Yesu. Alitoka hai, ila mwili ulikuwa umevunjika, na baada ya miaka michache akalala.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba masomo yanazima moto. Yule aliyelinganisha Maandiko neno kwa neno ndiye aliyesimama imara gerezani.

Wiki hii chukua kitabu kimoja tu, kwa mfano Wagalatia. Uliza: nani aliandika, aliwaandikia kina nani, na walikuwa na shida gani? Halafu piga magoti, ukiwa unajua unaombea nini. Mungu awabariki.