Murumbi alituwekea hazina, tumeijua?

Hapa Sarang'ombe, katika Kibera, wapo mafundi wanaonunua makufuli mabovu na mifereji ya maji iliyokwisha kazi, wakaiyeyusha shaba yake na kuifua iwe bangili, hereni na mikufu. Wenzao huchonga mifupa ya ng'ombe iliyotoka buchani hata ikang'aa mithili ya pembe za ndovu. Juzi nilimwuliza mmoja wao kama huitia kazi yake alama au jina. Alinitazama kwa mshangao, kisha akanieleza kwamba mnunuzi huuliza bei, wala haulizi jina.

Jibu lile halikunitoka akilini. Huko Marekani wako watu wanaotumia maisha yao yote kukusanya vijiko vya kale vilivyofuliwa kutokana na sarafu. Kabla ya katikati ya karne ya 19, masonara wa nchi ile hawakuwa na migodi mikubwa ya fedha ya kutegemea. Mwenye mali alimpelekea sonara sarafu zake, nyingi zikiwa za Kihispania na za Mexico, zikayeyushwa zikawa vijiko, vikombe na birika. Fundi alipiga jina lake nyuma ya kijiko, naye mwenyewe akachorewa herufi za jina lake mbele, ili mwizi akikiiba kitambulikane. Leo kijiko kama hicho huthaminiwa kupita uzito wa fedha yake, kwa kuwa jina lile dogo humwonyesha mkusanyaji ni nani aliyekifua na katika mji gani.

Sanaa hiyo si ngeni kwetu. Katika pwani yetu, Somalia, Uhabeshi na Uarabuni, masonara waliyeyusha reale za Maria Theresa, zile sarafu zenye sura ya malkia na mwaka wa 1780, wakafua mitali na vikuku vya maharusi. Lakini ni vikuku vingapi vya bibi zetu tunavyoweza kumtaja fundi wake? Vingi viliuzwa kwa wageni, vikaenda katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo bila jina la aliyevifua wala la aliyevivaa.

Alikuwepo Mkenya mmoja aliyeliona jambo hili mapema akalitolea mali yake na umri wake. Huyo ni Joseph Murumbi. Nimewauliza wanafunzi wengi habari zake, nao hunijibu kwamba alikuwa Makamu wa Rais, wakaishia hapo. Jibu hilo ni sahihi, ila limeacha sehemu kubwa ya maisha yake.

Murumbi alizaliwa mwaka wa 1911 katika eneo la Eldama Ravine. Baba yake, aliyeitwa Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa. Mama yake alikuwa Mmaasai. Alipelekwa India angali mtoto ili asome huko, akarejea akiwa kijana ambaye serikali ya kikoloni haikujua imweke katika kundi gani la rangi. Yeye mwenyewe alilichagua jina la upande wa mama, nalo ndilo tunalomjua kwalo.

Alifanya kazi Somalia kwa miaka kumi hivi, chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Alirudi nyumbani wakati siasa zilipokuwa zimechemka. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na viongozi wa chama cha KAU kutiwa nguvuni, Murumbi alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki nje, akashika kazi ya katibu wa chama. Mwaka wa 1953 aliondoka nchini kwenda kuitetea Kenya mbele ya mataifa. Alikaa London karibu miaka kumi, akifanya kazi katika jumuiya iliyopigania uhuru wa makoloni.

Huko ndiko alikokutana na Sheila, mkutubi aliyekuja kuwa mkewe, na huko ndiko alikozidi kupenda kukusanya. London ilikuwa imejaa vitabu, barua, vinyago na mapambo ya Afrika, vikiuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Naye, kwa kipato kisichokuwa kikubwa, alinunua alichoweza. Kwa hiyo Mwafrika aliyekuwa akidai uhuru wa nchi yake mchana, jioni aliikomboa historia yake kitu kimoja kimoja kutoka madukani.

Alirejea mwaka wa 1962. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Nchi, kisha Waziri wa Mambo ya Nje, na Mei 1966 aliteuliwa Makamu wa Rais baada ya Oginga Odinga kujiuzulu. Hakukaa. Kabla ya mwaka ule kwisha naye alijiuzulu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Lakini wengi waliomjua wanasema kwamba moyo wake ulivunjika kwa kuuawa kwa rafiki yake Pio Gama Pinto, Februari 1965, na kwa ulafi aliouona miongoni mwa wakubwa. Watu wengi huua ili wakipate cheo kile. Yeye alikiacha, akaingia katika biashara na kurudia vitabu vyake.

Mwaka wa 1972, pamoja na Sheila na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage jijini Nairobi, mahali ambapo kazi za mafundi na wasanii wa Afrika zilionyeshwa na kuuzwa kwa heshima. Nyumba yake ya Muthaiga ilikuwa imejaa vinyago, nguo, mapambo, stempu, na vitabu na nyaraka zaidi ya 50,000, vikiwemo 8,000 hivi vilivyochapishwa kabla ya mwaka wa 1900. Wanunuzi wa ng'ambo waliitamani hazina hiyo. Murumbi alikataa. Katika miaka ya 1970 aliiachia serikali ya Kenya pamoja na nyumba yenyewe, kwa matumaini kwamba pale patakuwa taasisi ya kuifunzia Afrika.

Hapo ndipo penye uchungu. Taasisi ile haikusimama. Nyumba iliachwa ikachakaa, kiwanja kikagawanywa, na mwishowe nyumba ikabomolewa. Murumbi alikuwa amehamia shamba lake la Intona, Trans Mara. Alipatwa na kiharusi, akafariki Juni 1990. Alizikwa katika bustani ya City Park, karibu na rafiki yake Pinto; na Sheila alipofariki mwaka wa 2000 akazikwa kando yake.

Hata hivyo, hazina yenyewe haikupotea yote. Sehemu kubwa ipo katika jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, na nyingine katika Nairobi Gallery, karibu na Nyayo House. Maelfu ya watu hupita mlangoni kila siku wakikimbilia magari. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Nasi tumeuacha mbacha ule umekunjwa katikati ya jiji, huku tukililia vitu vyetu vilivyo London na Paris. Madai yale ni ya haki. Lakini anayedai arudishiwe cha mbali sharti aonyeshe anavyokitunza kilicho mkononi.

Walimu wenzangu, nawaomba mambo mawili. Kwanza, wapelekeni wanafunzi wakaione kazi ya Murumbi, nao wajue kwamba historia haiishii katika orodha ya vyeo. Pili, kila mwanafunzi achague kitu kimoja cha kale nyumbani kwao, kiwe kigoda, kibuyu au kikuku, aulize kilitengenezwa na nani, wapi na lini, kisha aandike. Bibi akishafariki, hakuna wa kuulizwa.

Mimi nitarudi kwa yule fundi wa Sarang'ombe. Nitamshawishi apige herufi mbili za jina lake nyuma ya kila bangili, hata kama mnunuzi wa leo hazihitaji.