Inge Lehmann, aliyegundua kiini cha ndani cha dunia

TETEMEKO la ardhi lilipoikumba New Zealand Juni 17, 1929, mawimbi yake yalipenya tumbo la dunia hadi kunaswa na mitambo ya Ulaya. Jijini Copenhagen, Denmark, mwanamama Inge Lehmann alizipitia rekodi hizo akaona mawimbi yasiyostahili kuwapo.

Wanasayansi waliamini kiini chote cha dunia ni majimaji. Mawimbi ya tetemeko yakiingia humo hupinda, yakaacha upande wa pili wa dunia eneo la kivuli yasikotarajiwa kufika. Hata hivyo, vituo vilivyokuwa kivulini vilipokea mawimbi hafifu. Lehmann hakuyapuuza. Alipanga takwimu zake kwenye kadi, akazihifadhi katika maboksi ya oti.

Jibu alilitoa mwaka 1936, katika makala yenye kichwa cha herufi moja, P, na kialama pembeni: katikati ya majimaji hayo kuna kiini kingine, ambacho huyarudisha mawimbi. Kwamba kiini hicho ni kigumu, kulithibitishwa miaka mingi baadaye.

Alizaliwa Mei 13, 1888. Akiwa mwanafunzi Cambridge, Uingereza, alielemewa na masomo, akarudi nyumbani na kufanya kazi ya hesabu katika ofisi ya bima kwa miaka kadhaa. Muda ambao haukupotea bure, kwani hesabu ndiyo iliyokuja kuwa silaha yake. Alihitimu mwaka 1920.

Alifariki dunia Februari 21, 1993, akiwa na umri wa miaka 104.