Daktari Semmelweis na Daftari la Hospitali

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Buda, nchini Hungaria. Leo mji huo ni sehemu ya Budapest. Alisomea udaktari mjini Vienna, Austria, akahitimu mwaka 1844. Mwaka 1846 alianza kazi katika wodi za wazazi za Hospitali Kuu ya Vienna.

Siku hizo wanawake wengi waliojifungulia hospitalini walishikwa na homa ya uzazi. Mama aliingia akiwa na afya njema. Siku chache baada ya kujifungua alipatwa na homa kali na maumivu ya tumbo, na mara nyingi alifariki. Chanzo cha maradhi hayo hakikujulikana, kwa kuwa waganga walikuwa bado hawajafahamu kazi ya bakteria.

Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Wodi ya kwanza ilihudumiwa na madaktari pamoja na wanafunzi wao. Wodi ya pili ilihudumiwa na wakunga. Idadi ya waliojifungua na ya waliofariki iliandikwa daftarini. Semmelweis alizilinganisha hesabu hizo. Mwaka 1846 wanawake 4,010 walijifungua katika wodi ya kwanza, na 459 kati yao walifariki. Katika wodi ya pili walijifungua 3,754, wakafariki 105 tu.

Kwa nini wodi ya kwanza ilikuwa na vifo vingi zaidi? Semmelweis alichunguza sababu moja baada ya nyingine. Je, ni msongamano? Hapana, wodi ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi. Je, ni hali ya hewa? Hapana, wodi zote mbili zilikuwa mahali pamoja. Alibadili hata namna wanawake walivyolala wakati wa kujifungua, lakini vifo havikupungua.

Mwezi Machi 1847, rafiki yake, Daktari Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Aliugua akafa, na dalili zake zilifanana na zile za homa ya uzazi. Ndipo Semmelweis alipotambua jambo kubwa. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti, kisha wakaenda kuwahudumia wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Basi ugonjwa ulibebwa na mikono ya waganga wenyewe.

Mwezi Mei 1847 aliagiza kwamba kila daktari na mwanafunzi anawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwaka 1848 wanawake 3,556 walijifungua katika wodi ya kwanza, wakafariki 45 tu.

Hata hivyo, madaktari wengi walimpinga. Ilikuwa vigumu kwao kukubali kwamba mikono yao ndiyo iliyoleta kifo. Mwaka 1850 Semmelweis alirudi Hungaria, akaendelea na kazi. Alifariki mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 47, kutokana na jeraha lililooza. Baadaye kazi ya Louis Pasteur na wataalamu wengine ilionyesha kwamba bakteria huleta maradhi. Hapo ndipo unawaji mikono ulipokubaliwa.

Leo zipo dawa za kuua bakteria. Lakini dawa hizo zikitumiwa ovyo, bakteria wengine husalia na kuzaana, na dawa haiwaui tena. Hao huitwa bakteria sugu. Huweza kuenea hospitalini kwa mikono michafu na vifaa vichafu. Kwa hiyo hospitali nyingi huingiza majibu ya maabara katika kompyuta. Wagonjwa kadhaa wa wodi moja wakionekana kuwa na bakteria sugu wa aina moja, waganga hupata habari mapema. Huwatenga wagonjwa hao, hukagua usafi wa wodi, na huchagua dawa inayofaa.

Kompyuta hufanya kwa haraka hesabu ambazo Semmelweis alizifanya kwa kalamu. Lakini haiwezi kunawa mikono kwa niaba ya mganga, wala haiwezi kusaidia ikiwa habari iliyoingizwa si ya kweli.

Maswali

1. Wodi mbili za wazazi zilitofautiana kwa jambo gani?
2. Daftari la hospitali lilimsaidiaje Semmelweis?
3. Bakteria sugu ni nini?
4. Andikeni kwa wiki mbili idadi ya wanafunzi wasiofika darasani kwa sababu ya ugonjwa. Hesabu hizo zinawaonyesha nini?