Sengier, Mbelgiji aliyekalia urani ya Kongo

Huku kwetu Shinyanga ukigusa historia ya madini, wazee huanza na Dokta Williamson. Mkanada yule aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, akafariki mwaka 1958, na jiwe lake la rangi ya waridi likatolewa zawadi kwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Habari zake hata watoto wanazijua. Leo nataka kumzungumzia mwenzake wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambaye katika mwaka huo huo wa 1940 alifanya jambo lililochangia kubadili vita vya dunia. Ndugu zangu wengi ninaoswali nao Kahama na Geita, watu wa machimbo, hawajapata kulisikia jina lake.

Naye ni Edgar Sengier. Alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Kortrijk, Ubelgiji, akasomea uhandisi wa madini Leuven, akafanya kazi China, kisha mwaka 1911 akajiunga na Union Minière, kampuni iliyohodhi shaba ya Katanga. Miaka minne baadaye Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliona mahali paitwapo Shinkolobwe mawe mazito yenye rangi kali. Ilikuwa urani. Na si urani ya kubahatisha. Sehemu nyingine za dunia mwamba ulihesabika mzuri ukiwa na chini ya asilimia moja ya urani. Huko Shinkolobwe yalipatikana mawe yenye asilimia 65.

Lakini kwa wakati ule urani yenyewe haikuwa na mteja. Ilitumika kutia rangi vyombo vya udongo na vioo. Kilichotafutwa ni radiamu iliyojificha ndani yake, dawa ya saratani, na pia rangi ya kung'arisha mishale ya saa gizani. Ili upate gramu moja tu ya radiamu inakubidi uwe na urani tani tatu hivi. Gramu hiyo moja inatoa mipasuko bilioni 37 kila sekunde, na wanasayansi wakaifanya kuwa kipimo cha kuhesabia mionzi. Kuanzia mwaka 1922 Wabelgiji waliichambua katika kiwanda chao cha Olen. Bei iliyokuwa zaidi ya dola 100,000 kwa gramu wakaishusha hadi 70,000, washindani wao wa Marekani wakafunga milango. Kilichobaki baada ya radiamu kutolewa kikarundikwa kama makapi. Soko liliposhiba, mwaka 1937 mgodi ulifungwa, maji yakajaa.

Desemba 1938 mambo yakageuka. Mjini Berlin wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann, baada ya kuipiga urani kwa nyutroni, walikuta ndani yake bariamu, kitu chepesi zaidi kisichotarajiwa kabisa kuwamo. Lise Meitner, aliyekuwa amekimbia utawala wa Hitler, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, wakafafanua kuwa kiini cha atomu kimepasuka vipande viwili. Ghafla makapi ya Katanga yakawa lulu.

Mei 1939 Sengier alikutana mjini London na mwanasayansi wa serikali ya Uingereza, Henry Tizard, ambaye alimwonya kuwa mali aliyoishika inaweza kuwa balaa ikiangukia mikononi mwa adui. Agosti mwaka huo Einstein naye alitia saini barua kwa Rais Roosevelt, akaitaja Kongo kuwa chimbuko muhimu kuliko yote. Sengier, na hapa lazima nimpe haki yake, hakusubiri kuagizwa. Alihamia New York, na mwaka 1940 akaamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe yale zisafirishwe kwa siri hadi ghala la Staten Island. Mapipa yalikaa pale karibu miaka miwili bila serikali ya Marekani kuyajali. Septemba 18, 1942, Kanali Kenneth Nichols alipoingia ofisini kwake, Sengier alitaka kwanza kujua kama mgeni amekuja kuzungumza au kununua. Walipoagana, mkataba ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi ya kawaida.

Fikirini, watu wanaouza dhahabu kwa kupima na mizani ya mkononi wanajua biashara hiyo ikoje. Muuzaji alijua bidhaa. Mnunuzi alijua bidhaa. Aliyeichimba hakujua.

Desemba 2 ya mwaka huo huo Enrico Fermi aliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo Chicago. Marekani ikatuma wahandisi wa jeshi kufufua Shinkolobwe na majasusi kuhakikisha hakuna kinachowafikia Wajerumani. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka kwa Mkongomani. Bomu la Hiroshima, Agosti 6, 1945, lilibeba urani kilo 64 hivi, na isiyofika kilo moja ndiyo iliyopasuka. Mji ukateketea.

Wapo wanaomsifu Sengier kwa hospitali na nyumba ambazo kampuni iliwajengea wafanyakazi na familia zao. Zilikuwepo, sikatai. Lakini Desemba 9, 1941, yeye akiwa New York, wafanyakazi wa kampuni yake waliogoma wakidai mishahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi walikufa. Watu wale walizungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Vumbi la urani na gesi ya radoni vinavyopenya mapafuni havina harufu, na pasipo kipima mionzi aliye ndani ya shimo hawezi kujua anavuta nini.

Nalieleza hili kwa sababu sisi wa ukanda huu hatuko mbali nalo. Urani ipo Mkuju, Namtumbo, na mwaka 2012 mpaka wa hifadhi ya Selous ulisogezwa kwa ajili yake. Sheria ya nguvu za atomiki tunayo tangu mwaka 2003, na tume yake ipo. Qur'an ina sura nzima yenye jina la chuma, ikitaja nguvu zake na manufaa yake kwa watu. Ni wangapi katika misikiti yetu wanaowahimiza vijana wasome fizikia, ili siku ya kupima wawe miongoni mwa wanaoshika kipimo?

Mwaka 1946 Marekani ilimvika Sengier medali. Madini ya kijani yaliyopatikana Katanga yakaitwa sengierite. Alifariki Julai 1963 mjini Cannes, Ufaransa, akiwa na miaka 83. Mgodi ulizibwa wakati Kongo inapata uhuru mwaka 1960, lakini wachimbaji wadogo wakarudi, safari hii wakitafuta shaba na kobalti. Serikali ilipiga marufuku Januari 2004, hawakuondoka. Julai mwaka huo shimo likaporomoka likaua watu.